Kabla fundi hajachimba msingi, kipangie chumba cha kupikia hewa

Siku ya Jumapili baada ya ibada, ukipita Kiamunyi, Lanet au upande wa Bahati, hutakosa kuona familia imesimama katikati ya ploti. Baba ameshika ramani, mama anaonyesha kwa kidole mahali sebule itakapokuwa, na watoto wanakimbizana juu ya mawe ya msingi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na wakazi wake wanajenga kwa bidii. Ni jambo la kufurahisha. Lakini hebu sikiliza mazungumzo yao na fundi.

"Fundi, mbona dirisha hili ni dogo hivi?"

"Mama, hapo ni jikoni tu."

Neno hilo "tu", mpenzi msomaji, ndilo lililotufanya tuandike somo la wiki hii. Sebule hupewa madirisha makubwa mawili, dari ya mbao na vigae vinavyong'aa, ingawa wageni huja mara moja kwa mwezi. Jikoni hupewa pembe iliyobaki baada ya vyumba vingine kugawana nafasi. Na humo ndimo mama, binti au msaidizi wa nyumbani anamoshinda saa nyingi kila siku, aghalabu akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Ikiwa kuna chumba nyumbani kinachoweza kuwatia watu maradhi polepole bila mtu kushuku, basi ni hicho.

Leo tutajifunza jinsi ya kupanga chumba cha kupikia kinacholingana na familia yako, pamoja na chumba kidogo kando yake ambacho hapa tutakiita chumba cha kazi: mahali pa kufulia, kuweka makaa, gunia la mahindi na ndoo za maji. Usidhani kwamba somo hili ni la matajiri. Mengi tutakayoyataja hayaongezi gharama yakifanywa mapema. Yakifanywa baadaye, hapo ndipo ukuta hubomolewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MOSHI SI HARUFU TU

Tuanze na sababu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto ambao hawajatimiza miaka 5. Moshi wa kuni, makaa na mafuta taa huleta nimonia kwa watoto, magonjwa sugu ya mapafu, magonjwa ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu kwa watu wazima. Mama mjamzito anayevuta moshi huo huweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo.

Uchunguzi mmoja muhimu juu ya jambo hili ulifanywa si mbali na hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walipima moshi ndani ya nyumba za wafanyakazi na wafugaji huko Mpala, Laikipia, na kuandika ni nani aliyeugua kifua na mara ngapi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2001. Waliona kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi ndivyo alivyougua maradhi ya kupumua mara nyingi zaidi. Tena waliona kwamba anayepika huvuta moshi mwingi kuliko wengine kwa kuwa huinama karibu na moto wakati ule ule moshi unapofuka zaidi: anapowasha, anapochochea na anapokoroga.

Makaa yana hila nyingine. Moshi wake ni mdogo, kwa hivyo watu huyaamini. Lakini makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hiyo ikiingia kwenye damu huchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na wengi hudhani ni malaria au homa ya baridi. Mwezi wa Julai, baridi ya usiku inapoteremka kutoka Mau na Menengai, kuna watu huingiza jiko la makaa chumba cha kulala na kufunga madirisha. Wengine hawaamki. Usifanye hivyo hata kwa dakika chache.

PIMA FAMILIA KABLA YA KUPIMA UKUTA

Mshonaji mzuri hakati kitambaa kabla ya kumpima mteja. Kadhalika, kabla ya kuchora chumba cha kupikia, keti na jamaa zako jioni moja, uchukue kalamu, na mjibu maswali haya:

1. Nani hupika kila siku, na ana urefu gani?

2. Mnapikia watu wangapi siku za kawaida, na wangapi wakati wa Krismasi au wakati wa matanga?

3. Ni chakula gani hupikwa mara nyingi: ugali, githeri, mukimo, chapati, mursik na maziwa ya kuchemsha?

4. Mnatumia moto wa aina gani: gesi, umeme, makaa, kuni, au mchanganyiko? Jibu kwa kweli, si kama mnavyotamani kuwa.

5. Je, kuna mzee, mgonjwa wa pumu, au mtoto anayetambaa?

6. Mahindi na viazi kutoka shambani huletwa kwa gunia au hununuliwa kwa kilo?

Swali la nne ndilo huwapotosha wengi. Familia huchora jikoni la gesi kama la kwenye kalenda, halafu githeri huinjikwa juu ya makaa nje mlangoni kwa sababu gesi ingekwisha. Hili si kosa la mama. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100. Kule Molo, kwenye mita 2,500 hivi, huchemka kwenye nyuzi 92. Viini vya maradhi hufa vizuri katika joto hilo, usiwe na hofu. Lakini maharagwe na mahindi makavu huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko Mombasa, na moto mrefu ni moshi mrefu.

Basi panga ukijua hivyo. Tenga mahali maalumu pa moto wa muda mrefu, penye hewa nyingi, na mahali pengine pa moto wa haraka wa chai na mboga. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha. Sufuria ya presha, kwa mwenye uwezo, hulipa gharama yake upesi katika sehemu zetu za juu.

MAFIGA MATATU

Jifya moja haliinjiki chungu, na chumba cha kupikia nacho kina mafiga yake matatu: mahali chakula kinapohifadhiwa, mahali kinapooshwa na kukatwa, na mahali kinapopikwa. Mpishi huzunguka baina ya matatu hayo siku nzima. Yakiwa mbali mno, miguu na mgongo huumia. Yakiwa karibu mno, maji ya sinki hurukia mafuta ya moto. Kipimo kizuri ni hiki: ukiunganisha mafiga hayo kwa kamba na kurudi ulipoanzia, kamba iwe kati ya mita 4 na mita 8. Na mlango usiwe mahali ambapo watoto watakata njia hiyo wakikimbilia nje.

Elimu hii ina historia. Mwaka wa 1926, mchoraji ramani wa kike kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jikoni dogo la nyumba za wafanyakazi huko Frankfurt, Ujerumani. Alihesabu hatua za mwanamke anayepika, akapanga kila kitu kifikiwe kwa mkono katika chumba cha mita 1.9 kwa 3.4. Mkuu wake wa kazi aliitwa Ernst May. Huyo May baadaye alihamia Afrika Mashariki mwaka wa 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akachora majengo Nairobi, Kampala na Mombasa kabla ya kurudi kwao mwaka wa 1953. Kwa hivyo mawazo haya si mageni kabisa katika nchi zetu.

Hata hivyo tusiige bila kufikiri. Jikoni la Frankfurt lilikuwa la mtu mmoja, na jikoni letu huwa na watatu: mmoja anachambua mboga, mwingine anasukuma chapati, na mtoto anafanya kazi ya shule pembeni. Acha nafasi ya mita 1.2 baina ya meza mbili zinazotazamana ili watu wapishane bila kugongana na sufuria ya moto. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 hutosha familia ya watu sita. Kama ploti ni ya hamsini kwa mia, nafasi hiyo ipo; punguza sebule kidogo tu.

MEZA IFUATE KIWIKO

Maumivu mengi ya mgongo na mabega hutokana na meza iliyojengwa kwa kipimo cha fundi. Simama wima, kunja mkono, na upime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Ondoa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo meza ya kukatia iwe. Kwa mama wa urefu wa kawaida itakuwa kama sentimita 85 hadi 90.

Lakini moto wa ugali ni jambo jingine, na vitabu vya kigeni havilijui. Ugali wa watu wanane husongwa kwa nguvu za mabega, mwiko ukiwa umesimama ndani ya sufuria yenye kina. Ukiweka sufuria hiyo juu ya meza ya sentimita 90, mikono itainuka hadi usawa wa kidevu, mvuke utakupiga usoni, na sufuria inaweza kupinduka. Mwambie mwashi ajenge jukwaa la saruji la sentimita 60 hadi 70, pana na imara, kwa ajili ya moto wa sufuria kubwa. Hapo mpishi hatainama hadi chini wala hatanyanyua mikono juu, na mtoto anayetambaa hataufikia moto.

HEWA IINGIE, MOSHI UTOKE

Hewa haiingii chumbani kama haina pa kutokea. Dirisha moja, hata likiwa kubwa, halitoshi. Weka matundu pande mbili zinazotazamana: dirisha upande mmoja, na dirisha la pili au mlango wa nje upande wa pili. Kama kipimo cha chini, sehemu ya dirisha inayofunguka iwe moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba tulichotaja cha mita 3 kwa 3.6 kinahitaji mita mraba 1.1 hivi.

Kwa makaa na kuni ongeza dohani. Ijengwe juu ya jukwaa la moto ikiwa na mdomo mpana kama mwavuli, na bomba lake lipite kilele cha paa ili upepo usirudishe moshi ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, familia za Wamaasai huko Kajiado zilishirikiana na shirika la ITDG kutengeneza miavuli ya namna hiyo ya kukinga moshi na kupanua madirisha ya manyatta, na moshi ulipungua kwa kiasi kikubwa. Ikiwa iliwezekana katika nyumba ya udongo, katika nyumba ya mawe haina udhuru.

Angalia pia upepo. Jina Nakuru husemekana limetokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na yeyote aliyeishi hapa miezi ya Januari na Februari anajua kwa nini. Kabla ya kuchora, simama kwenye ploti asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku kadhaa, uone vumbi na moshi wa taka vinatoka upande gani. Jikoni kusielekee huko, wala moshi wa jikoni usiingie moja kwa moja vyumba vya kulala.

Gesi nayo ina sheria yake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja haipandi juu kutokea dirishani. Huteremka na kutanda sakafuni kama maji, ikingoja cheche. Kwa sababu hiyo weka tundu la hewa chini kabisa ya ukuta, karibu na sakafu, linalotoka nje. Bora zaidi, weka mtungi nje, umesimama wima ndani ya kizimba chenye kufuli na kivuli, mbali na mtaro na mbali na jiko la makaa, na bomba liingie kupitia ukutani. Pima viungo vyake kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi ya taa, ama kuwasha ama kuzima. Funga mtungi, fungua milango, watoe watu nje.

CHUMBA CHA KAZI: UPANDE MKAVU NA UPANDE MAJI

Sasa tuingie chumba cha pili. Wengi wakikijenga hukifanya shimo la kutupia kila kitu: makaa, nguo chafu, gunia la mahindi, mafuta taa, sabuni na baiskeli ya mtoto. Hapo ndipo hatari huanza, kwa sababu vitu hivyo havipatani. Mvuke wa nguo huharibu mahindi. Vumbi la makaa huharibu nguo. Mafuta taa hutiwa kwenye chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu huinywa.

Chumba cha mita 1.8 kwa 2.4 kinatosha, mradi ukigawe mara mbili.

Upande maji uwe karibu na mlango wa nje. Hapa weka sinki pana la kufulia, mfereji, na sakafu yenye mteremko kuelekea mtaroni ili maji yasisimame. Maji machafu yasielekezwe karibu na msingi; udongo wetu wa majivu ya volkano hunywa maji upesi na hubomoka kwa urahisi mvua zikizidi. Kamba za nguo ziwe nje chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Nguo zikianikwa ndani miezi ya baridi, ukuta huota ukungu, na ukungu huamsha pumu.

Upande mkavu uwe karibu na mlango wa jikoni, na utengwe kwa ukuta unaofika juu. Mahindi yawekwe juu ya chaga za mbao, si sakafuni, na yasiguse ukuta. Acha nafasi ya kupitisha mkono na ufagio pande zote. Mahindi yanayopata unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuosha. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwashika watu 317 katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 wakafa. Mahindi yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani. Kama huna kipimo, chukua chupa safi iliyokauka, tia mahindi kiasi na chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Yarudishe juani.

Makaa yapate sanduku lake lenye kifuniko nje ya mlango, chini ya paa. Mafuta taa, dawa za panya na dawa za kuogea mifugo ziwekwe kwenye kabati la juu lenye kufuli, zikiwa ndani ya vyombo vyake vya asili. Ikitokea mtoto amekunywa mafuta taa, usimtapishe na usimpe maziwa, kwa maana mafuta yakirudi juu huingia mapafuni. Mpeleke hospitalini mara moja, ukichukua na chupa yenyewe.

MAJI YA BONDE LA UFA

Hakuna ramani ya jikoni la Nakuru iliyokamilika bila kuzungumzia maji. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina madini ya floraidi, na visima vingi virefu huku kwetu hutoa maji yenye kiasi kinachozidi miligramu 1.5 kwa lita, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa upeo. Sote tumewaona watu wenye meno ya rangi ya kahawia wakicheka huku wamefunika mdomo. Madoa hayo hutengenezwa utotoni, meno ya kudumu yanapokua ndani ya ufizi, hadi umri wa miaka 8 hivi. Kwa miaka mingi ya kunywa maji yenye floraidi nyingi mno, mifupa na viungo pia hukakamaa.

Kosa kubwa ni kufikiri kwamba kuchemsha hutibu. Kuchemsha huua viini, ndiyo, lakini floraidi hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua. Klorini haiiondoi, na kichujio cha kawaida cha udongo au mchanga hakiiondoi. Vichujio vinavyoweza ni vile vyenye mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulifanya kazi kubwa ya kuvitengeneza na kuvieneza. Navyo huchoka baada ya muda, na mkaa hauna budi kubadilishwa.

Njia nyingine iko juu ya kichwa chako: maji ya mvua hayana floraidi ya kuleta wasiwasi. Panga tangi kwenye pembe ya chumba cha kazi, na bomba lake liingie jikoni kwenye mfereji wa pekee ulio na alama, wa kunywa na kupikia tu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa maana huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye mabati. Tangi lifunikwe vizuri, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Maji ya kisima yabaki kwa kufua na kusafisha. Kabla ya kununua ploti yenye kisima, peleka sampuli ya maji ipimwe.

Jambo moja zaidi. Wapo wanaotia magadi katika maharagwe au mboga ili ziive upesi. Magadi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Mama anayelea watoto wadogo katika sehemu hizi ni afadhali aloweke maharagwe usiku kuliko kuyaharakisha kwa magadi.

MTOTO NA MOTO

Mtoto hujifunza kwa mikono. Geuza mishikio ya sufuria ielekee ukutani. Usiweke kitambaa kinachoning'inia kwenye meza yenye chai ya moto. Jenga kigeti kifupi cha mbao mlangoni mwa jikoni ili mtoto akuone bila kukufikia. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa kidogo au vigae visivyoteleza. Vigae vya sebuleni vinavyong'aa ni hatari vikimwagikiwa mafuta.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga, samli wala mayai. Funika kwa kitambaa safi na uende hospitalini ikiwa kidonda ni kikubwa, au kiko usoni, mikononi au sehemu za siri, au aliyeungua ni mtoto mdogo.

KWA WANAOPANGA CHUMBA KIMOJA

Huenda unasoma haya ukiwa Kaptembwo, Rhonda au Bondeni, jikoni, sebule na kitanda vikiwa chumba kimoja, ukasema somo hili halikuhusu. Linakuhusu kuliko wengine. Washa jiko nje na uliingize tu makaa yakisha kuwa mekundu, ukijua kwamba hata hapo sumu ile isiyoonekana ingali inatoka. Kwa hiyo pika karibu na mlango, mlango na dirisha vikiwa wazi, na ulitoe jiko kabla ya kulala. Mtoto mchanga akae upande wa mbali na moto. Gawa pembe moja kwa pazia la kuoshwa: juu rafu ya vyakula, chini ndoo mbili zenye vifuniko, moja ya kunywa na moja ya kuoshea. Mkiwa wapangaji wengi katika ploti moja, mwendeeni mwenye nyumba pamoja mkamwombe kibanda cha kupikia uani. Akiombwa na mmoja atapuuza. Akiombwa na wanane atafikiri.

PESA ZIKIWA CHACHE

Kwa anayejenga, gawanya kazi yako hivi. Yaliyo ndani ya ukuta na chini ya sakafu yafanywe kwanza, kwa sababu hayabadiliki kwa urahisi: madirisha ya pande mbili, dohani, tundu la chini la gesi, mteremko wa sakafu, mitaro, mabomba mawili ya maji na nyaya za umeme zilizo mbali na sinki. Yanayotundikwa na kubandikwa, kama makabati ya mbao, vigae vya ukutani na meza ya granaiti, yanaweza kungoja mavuno ya mwaka ujao. Rafu za mbao zenye pazia zimehifadhi vyombo vya nyumba nyingi bila kumdhuru mtu. Dirisha dogo limedhuru wengi.

Na ramani ikishachorwa, usiipeleke kuidhinishwa na serikali ya kaunti kabla ya kufanya jambo moja rahisi. Chukua chokaa au majivu, uchore chumba hicho chini kwenye ploti kwa vipimo vyake kamili. Mwite yule anayepika kila siku, awe mama, binti au msaidizi wa nyumbani. Mpe sufuria na ndoo. Mwambie achote maji, akate mboga, asonge ugali, atoke nje na nguo zilizofuliwa. Mtazame anapogonga, anapoinama na anaporudi nyuma. Kisha muulize dirisha liwe wapi.

Atakuonyesha kwa kidole. Mchoree fundi hapo hapo, kwa chokaa, kabla hajasema kwamba ni jikoni tu.